Moshi wa Kolwezi na macho ya wavu

Wavuvi wa Nzilo wanajua: wavu wa macho makubwa unaachilia samaki wadogo. Kompyuta inayotafuta moshi utaenda wapi, nayo inatumia wavu. Inakata hewa vipande, tuviite macho, na kwa kila jicho inashika namba moja tu ya uchafu. Kisha inahesabu hatua kwa hatua: upepo umeingiza kiasi gani kutoka jicho la jirani, umetoa kiasi gani.

Shida iko hapo kwenye "namba moja tu". ERA5, data za hali ya hewa za Ulaya ambazo wengi wetu tunazichukua bure, zina macho ya karibu kilomita 31. Weka jicho hilo juu ya Kolwezi: Musonoi, Kamoto, KOV, soko, bustani za lengalenga, vyote vinaingia mule ndani. Tuseme kiwanda kinatoa dioksidi ya salfa, na moshi unafunika km² 9 siku nzima, mikrogramu 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Jicho la 30 kwa 30 lina km² 900. Modeli inatandaza moshi uleule mara 100 zaidi, inaandika 10. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishauri wastani wa saa 24 usipite 40. Karatasi inasema salama, na mtoto aliye chini ya ule moshi anakohoa. Hakuna aliyedanganya, ni hesabu ndiyo imepunguza.

Ba ndugu wengine watauliza: juu ya nini basi tusiweke macho madogo kila mahali? Toka kilomita 30 mpaka 1, macho yanakuwa mara 900. Tena Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba, kwa njia za kawaida, upepo usivuke zaidi ya jicho moja kwa hatua moja. Kwa hiyo hatua nazo zinakuwa mara 30. Jumla mara 27,000, na bado hatujahesabu urefu wa kwenda juu. Kompyuta gani ya fakulte itaweza?

Ndiyo maana watu kama Alison Tomlin na wenzake wa Leeds, miaka ya 1990, walijaribu wavu wa pembetatu unaojibadilisha. Pembetatu hazilazimiki kulingana. Pale namba inaporuka ghafla, kwenye ukingo wa moshi, programu inazikata ndogo. Moshi ukipita, inaziunganisha tena. Nguvu ya mashine inatumika paka mahali pa kazi.

Si bure lakini. Ukikata na kuunganisha, kilo 100 za salfa lazima zibaki kilo 100, na programu mbaya inazipoteza njiani. Pembetatu ndogo kabisa ndiyo inaamua urefu wa hatua, labda kila sehemu ipewe hatua yake. Na kuna mtego ambao mimi naona ndio mkubwa: wavu ukianza na macho makubwa, moshi mwembamba hauonekani tangu mwanzo, basi programu haioni sababu ya kukata. Pale kwenye bomba la moshi, mtu mwenyewe aweke macho madogo mbele ya kuanza. Halafu pembetatu za mita 200 zikilishwa upepo wa kilomita 31, vilima bado havimo. Picha inapendeza, upepo ni uleule.

Kwa hiyo tupime, na hapa sisi ba agronome tuna kazi. Lubumbashi, tanuru la shaba lililoanza 1911 limeacha ramani yake ardhini: upepo wa kusini-mashariki ulibeba metali kuelekea kaskazini-magharibi, ikaanguka kwa umbo la koni, miti ikakufa. Penga Penga, udongo ulibaki uchi, na nyasi ya Microchloa altera ni kati ya mimea michache iliyojaribiwa kuufunika. Modeli yoyote ya Kolwezi ingeweza kupimwa hivyo: sampuli za udongo na majani ya sombe, kwenye mstari wa upepo na nje yake.

Kiwanda kikileta EIES yake, ile tathmini ya mazingira ambayo sheria ya madini inadai, omba ukurasa wa modeli ya hewa. Uliza jicho la wavu lina mita ngapi pale kwenye nyumba za watu, na upepo wa kiangazi ulipimwa wapi.