BARIDI NA VIPIMO VYAKE VIWILI

Asubuhi ya mwezi wa Julai muuza viazi wa Kariakoo hujitanda shuka akisema kuna baridi, na kipima-joto huonyesha kama digrii 19 za Celsius, ndizo 66 za Fahrenheit. Siku zizo hizo huko Njombe, vitokako viazi vyake, umande huweza kuganda usiku ukaunguza majani shambani.

Yafaa wasomaji wetu wavijue vipimo hivi. Kwa Celsius maji huganda penye 0, na hapa pwani huchemka penye 100. Kwa Fahrenheit, kipimo cha zamani za Waingereza, ni 32 na 212. Kugeuza Fahrenheit kuwa Celsius, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9.

Lakini tahadharini na sifuri. Maagizo ya Marekani husema samaki wa kugandishwa wawekwe penye 0, nayo ni ya Fahrenheit, yaani digrii 18 hivi chini ya sifuri ya Celsius. Mfanya biashara akitegesha jokofu lake penye 0 ya Celsius, samaki hawagandi, na hatimaye wataoza.

Vipimo hivi hukutana mahali pamoja tu: digrii 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo huonekana Siberia na Kanada. Hata kilele cha Kilimanjaro hakiifikii.