Kutu Katika Breki za Pikipiki na Namna ya Kuiondoa

Kila mkulima wa Boito anajua kwamba majani ya chai hayangoji. Yakishachumwa hayana budi kufika kituoni siku ile ile, kabla hayajapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Kwa hiyo wakulima wengi siku hizi hutumia pikipiki kupeleka majani. Pikipiki hiyo hiyo huleta mbolea, huchukua maziwa, na usiku hupeleka mgonjwa hospitali. Lakini wenye pikipiki wengi huangalia injini tu, na breki husahauliwa mpaka siku ya hatari.

Mkulima mmoja alituuliza shauri juu ya pikipiki yake iliyokaa ghalani miezi minane. Diski ya breki ya mbele ilikuwa nyekundu kama udongo. Mwanawe alimwambia, "Baba, tuipake oili, kutu italainika." Bahati njema hakuipaka. Kama angaliipaka, angaliteremka mlimani na gunia la majani mgongoni mwa pikipiki, na breki ya mbele isingalishika hata kidogo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza jambo hili kwa wote.

KUTU HUTOKA WAPI

Diski ni chuma, na chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Katika nchi yetu ya chai mvua ni nyingi na ukungu wa asubuhi hauishi. Tena mbolea ya chai, ile ya NPK 26-5-5, ina chumvi ndani yake. Vumbi lake likiangukia chuma huvuta unyevu wa hewa na kukila upesi. Mkojo wa ng'ombe na samadi hufanya vivyo hivyo. Basi pikipiki isilazwe katika ghala la mbolea wala katika boma la ng'ombe.

Kuna kutu ya namna mbili. Ya kwanza ni nyepesi, rangi ya chungwa, inayoonekana asubuhi baada ya mvua. Hiyo si ugonjwa. Ukishika breki mara chache polepole itafutika. Ya pili ni ile ya pikipiki iliyoachwa muda mrefu. Ina magamba, na ukipitisha ukucha unakwama. Hiyo lazima isafishwe kabla pikipiki haijatoka nyumbani.

NAMNA YA KUSAFISHA

1. Simamisha pikipiki imara mahali tambarare, kisha fungua gurudumu. Gurudumu likiwa nje, mtu yeyote asiguse mkono wa breki, kwa maana pistoni itasukumwa nje na mafuta ya breki yatamwagika.

2. Toa pedi za breki. Usipulize vumbi lake kwa mdomo, maana ni baya kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi iliyobaki unene wa milimita 2 au chini yake itupwe. Pedi iliyoingia oili au grisi nayo itupwe, maana haifai tena hata ikioshwa.

3. Sugua diski kwa brashi ya waya mpaka magamba yatoke. Kisha tumia msasa wa namba 120, na mwisho namba 220. Sugua kwa miviringo midogo midogo, pande zote mbili sawasawa. Msitumie mashine ya kukatia chuma, maana hula upande mmoja kuliko mwingine, na diski itatetemesha mkono kila ukishika breki.

4. Kama kutu ni nyingi sana, fundi aifungue diski na kuilaza katika siki nyeupe usiku mmoja. Asubuhi isuguliwe, ioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa mara moja, kwani ikiachwa na maji kutu itarudi kabla ya saa sita mchana.

5. Osha diski kwa dawa ya kusafishia breki inayouzwa katika duka la spea. Ikikosekana, tumia maji ya moto na sabuni, kisha kausha kwa kitambaa safi. Baada ya hapo usiiguse kwa mikono yenye mafuta. Oili, grisi na dizeli ni adui wa diski.

IANGALIWE KABLA YA KURUDISHWA

Diski nyingi zimeandikwa herufi MIN TH na namba mbele yake, kwa mfano 3.5 mm. Maana yake ni kwamba diski ikiwa nyembamba kuliko hapo, haifai tena. Fundi aipime mahali pembamba kabisa. Ikiwa imepita kipimo, au ina mashimo yasiyotoka kwa msasa, au ina ufa, inunuliwe nyingine. Bei yake si kitu ukilinganisha na mguu uliovunjika.

Tazama pia pistoni. Ikiwa imeshika kutu na hairudi, pedi zitabana diski daima na kuipasha moto. Kazi hiyo mwachie fundi. Mafuta ya breki nayo huvuta maji kutoka hewani. Yabadilishwe kila miaka miwili, kwa namba ile ile iliyoandikwa juu ya kifuniko.

Wenye breki za drumu wasidhani wamesalimika. Drumu nayo hushika kutu ndani. Ifunguliwe, ifutwe vumbi, isuguliwe kwa msasa, na breki shuu zilizoisha zibadilishwe.

KUIJARIBU

Usianze kwa kubeba mzigo. Nenda mahali tambarare pasipo watu. Kwanza sukuma pikipiki kwa mikono na ushike breki. Ikikamata, panda uende mwendo wa kilomita 40 kwa saa, shika breki taratibu mpaka mwendo upungue, uiachie, kisha rudia mara kumi na tano hivi, ukiipa nafasi ya kupoa. Hivyo pedi na diski zitazoeana. Ikiwa mkono wa breki unazama kama sifongo, mna hewa katika mafuta; usiteremke nayo mlimani kabla fundi hajaitoa hewa hiyo.

Baadaye kazi ni ndogo. Osha diski kwa maji safi kila ukibeba mbolea, funika pikipiki mahali pakavu, na hata kama huna safari itoe mara moja kwa juma, uiendeshe kidogo na kushika breki. Kazi hiyo haizidi robo saa, nayo itakufikisha kituoni na kukurudisha nyumbani salama.