Je, Wajua? Msitu wa Kongo Unaingia Hadi Uganda

Mkazi wa Kampala anayetamani kuuona msitu mnene huelekezwa Mabira, njia ya Jinja, au Bwindi kwenye gorila. Semuliki hutajwa na wachache mno. Hifadhi hii ya Taifa iko wilayani Bundibugyo, magharibi kabisa mwa nchi, na ina mambo ambayo kila Mganda angepaswa kuyajua.

Je, wajua kwamba Semuliki ni ncha ya msitu wa Ituri wa Kongo?
Bwindi ni msitu wa milimani. Semuliki uko bondeni, mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mto Semliki, unaotoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert, ndio mpaka na Kongo, na ng'ambo yake msitu unaendelea. Kwa kuwa ardhi ni tambarare, mvua zikizidi sehemu kubwa hufurika.

Je, wajua kwamba eneo lake linakaribiana na la jiji la Kampala?
Kampala ina kilomita za mraba 189. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1993, ina 220. Humo kumeorodheshwa zaidi ya spishi 400 za ndege, ilhali Uganda nzima ina elfu moja na ushei. Baadhi ni ndege wa Kongo waliofika mwisho wa makazi yao upande wa mashariki, wakiwemo hondohondo wa aina kadhaa.

Je, wajua sababu ya utajiri huo?
Katika enzi ya mwisho ya barafu, Afrika ilikauka na misitu ikasinyaa. Wanasayansi wanaihesabu sehemu hii miongoni mwa zile chache zilizobaki na miti. Viumbe vilivyotoweka kwingine vilisalimika hapa.

Je, wajua kuna mnyama mwenye kwato anayejificha majini?
Ni chevroteni wa maji, mdogo kama paa, asiye na pembe. Dume lina meno mawili marefu yanayochomoza kama ya ngiri. Akifukuzwa, hukimbilia mtoni na kupiga mbizi.

Je, wajua kwamba unaweza kuchemsha mayai bila kuwasha moto?
Sempaya, ndani ya hifadhi, kuna chemchemi mbili za maji moto, moja huitwa ya kiume na nyingine ya kike. Ile ya kike hurusha maji juu, yakiwa na joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi, na wageni huivishia mayai na ndizi. Hakuna volkano hapo. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za Bonde la Ufa, hupashwa joto na miamba ya chini sana, kisha husukumwa juu. Na kilomita zipatazo 60 kutoka kwenye mvuke huo, kilele cha Margherita cha Rwenzori, chenye mita 5,109, kina barafu.

Je, wajua kwamba maabara za dunia zinalijua jina la msitu huu?
Mwaka 1942, watafiti wa taasisi ya Entebbe iliyoanzishwa kuchunguza homa ya manjano walipata kirusi kipya katika mbu wa hapa, kikaitwa kirusi cha Msitu wa Semliki. Hadi leo hutumika kuchunguza jinsi virusi vinavyoingia kwenye seli, na katika utafiti wa chanjo.

Je, wajua kwamba msitu huu ulikuwa nyumba ya watu?
Batwa waliishi humo vizazi na vizazi kwa kuwinda na kukusanya matunda, asali na dawa. Leo wanaishi nje yake, na ujuzi wao wa mimea unastahili heshima na malipo ya haki.

Je, wajua namna ya kufika?
Anza kwa kuulizia katika Mamlaka ya Wanyamapori, Barabara ya Kira, Kampala. Panda basi hadi Fort Portal, kilomita 300 hivi, kisha taksi ya Bundibugyo ikushushe Sempaya. Usiichanganye Semuliki na Toro-Semliki, hifadhi nyingine ya jirani yenye mbuga za nyasi. Chukua mwongozaji, vaa buti za mpira, na epuka miezi ya mvua nyingi. Asilimia 20 ya kiingilio hurudishwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi, kwa hiyo kila anayetembelea anawapa majirani wa msitu sababu ya kuulinda.