Giza lililotangulia nyota za kwanza

Usiku wa Makongeni hauonyeshi nyota nyingi. Taa za Jogoo Road na zile ndefu za mulika mwizi katika mitaa ya Eastlands huififisha anga, na ni rahisi mtu kudhani kwamba kilichopo ni kile tu kinachomulikwa. Ulimwengu hauko hivyo. Maada giza, kitu kisichotoa nuru wala kuizuia, ina uzito takriban mara tano ya maada yote ya kawaida, nasi tunaijua kwa mvutano wake tu. Hoja yangu ni kwamba bila hiyo nyota za kwanza zisingewaka zilipowaka, na pengine hata Jua letu lisingekuwapo leo.

Hesabu yenyewe inafuatika. Kwa miaka 380,000 ya mwanzo ulimwengu ulikuwa moto mno, na kila gesi ilipojaribu kujikusanya, nuru iliitawanya. Mabaki ya nuru hiyo yangali yanatufikia, na setilaiti kama Planck zimekuta kwamba tofauti zake kati ya mahali na mahali ni ndogo ajabu: sehemu moja hivi kwa 100,000. Tangu hapo ulimwengu umetanuka mara 1,100 hivi, na tofauti changa za maada hukua kwa kadiri hiyohiyo. Zidisha, utapata asilimia moja tu. Kwa asilimia moja hakuna galaksi wala nyota. Lakini maada giza haisukumwi na nuru, kwa hiyo ilikuwa imeanza kurundikana mapema. Gesi ilipoachiliwa ilikuta mabonde yamekwisha kuchimbwa, ikaporomokea humo. Hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba katika rundo lenye uzito wa Jua milioni moja hivi, haidrojeni iliweza kupoa na kubanana, hata nyota zikawaka miaka kati ya milioni 100 na 200 baada ya Mlipuko Mkuu.

Pingamizi zito ni kwamba hakuna maabara iliyothibitisha kunasa hata chembe moja ya maada giza. Huenda basi tumekosea kanuni ya mvutano, kama alivyopendekeza mwanafizikia Mordehai Milgrom mwaka 1983. Sehemu ya jibu ilianzia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa eksirei za angani, nayo ikapata eksirei zinazotoka katika makundi ya galaksi, ambazo sasa tunajua ni za gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo ingetoroka zamani kama ingeshikwa na galaksi zinazoonekana peke yake. Mwaka 2006, katika makundi mawili yaliyogongana yaitwayo Bullet Cluster, gesi ilionekana imekwama katikati ilhali uzito mwingi umepita. Kugeuza kanuni ya mvutano hakuelezi kwa urahisi uzito ulioachana na gesi yake.

Bado chembe yenyewe haijulikani. Mwaka 2018 mtambo wa EDGES, Australia, ulitangaza dalili ya redio kutoka enzi ya nyota za kwanza, na wengine wakaona humo mkono wa maada giza. Mwaka 2022 mtambo wa SARAS 3 wa India haukuiona. Antena za HERA huko Karoo, Afrika Kusini, nazo zilijengwa kusaka dalili za enzi hiyo. Nyota zikionekana zilichelewa sana, hiyo itakuwa ishara kwamba chembe hizo ni nyepesi na zina mbio, maana chembe za mbio hazikai katika mabonde madogo.