Hati ya Nyumba, Baba Aliyetoweka na Binti Asiyerudi Nyuma

Sherifu anafika nyumbani kwa akina Dolly na kumkuta Ree, binti wa miaka 17, ndiye mkuu wa kaya. Mama yupo, lakini akili ilimtoka siku nyingi. Hasemi wala hasaidii. Wadogo wawili wa Ree, Sonny wa miaka 12 na Ashlee wa miaka 6, wanamtazama yeye kwa kula na kuvaa. Baba, Jessup, ni mpishi wa dawa za kulevya aliyetoka mahabusu kwa dhamana kisha akapotea. Sherifu hana maneno mengi: nyumba na msitu wao ndivyo vilivyowekwa dhamana. Jessup asipotokea mahakamani siku ya kesi, familia itatupwa nje.

Ree anamjibu kwamba atamtafuta baba yake.

Hivyo ndivyo inavyoanza Winter's Bone, filamu ya Marekani ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Debra Granik, ambaye aliandika skripti pamoja na Anne Rosellini kutokana na riwaya ya Daniel Woodrell ya mwaka 2006. Iligharimu takriban dola milioni 2, hela ya mboga kwa studio kubwa za Hollywood. Mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa filamu 10 zilizowania Oscar ya filamu bora, sambamba na Inception iliyokula takriban dola milioni 160 na Toy Story 3 iliyokula takriban milioni 200.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua stelingi: mwanamume mwenye misuli, bunduki isiyoisha risasi, na hafi. Ree hana hata kimoja kati ya hivyo. Hana gari wala simu ya mkononi. Anatembea kwa miguu kwenye baridi ya milima ya Ozark, jimbo la Missouri, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine na kuuliza swali lile lile: baba yangu yuko wapi? Karibu kila anayemuuliza ni ndugu yake kwa damu, na karibu kila mmoja anamwambia arudi nyumbani kabla hajaumia.

Granik hakuwa na fedha za kulipua magari, kwa hiyo alijenga taharuki yake kwa vitu visivyonunuliwa: karatasi yenye sahihi, tarehe ya kesi na watu waliofunga midomo. Hapo ndipo filamu hii inapozishinda nyingi zilizotumia mara mia ya bajeti yake.

Chukua tukio la nyumba iliyoungua. Jirani mmoja, naye wa ukoo huo huo, anampeleka Ree kwenye magofu ya kibanda kilichokuwa kikitumika kupika dawa na kumdokeza kwamba baba yake aliteketea humo. Mtu mwingine angelia na kurudi nyumbani. Ree anaangalia ndani na kuona magugu yaliyoota hadi kufika kidevuni. Magugu hayafiki kimo hicho kwa wiki mbili. Kibanda kile kiliungua zamani, wakati baba yake alikuwa bado anaonekana mitaani. Mpelelezi huyu hana maabara wala kompyuta ya polisi. Ana macho ya mtu aliyekulia shambani, na yanatosha kuuvunja uongo wa mtu mzima.

Au chukua tukio la barabarani usiku. Sherifu anasimamisha gari la Teardrop, kaka yake Jessup, Ree akiwa kiti cha abiria. Anaamuru ashuke. Teardrop hashuki. Ameshika bunduki na anamtazama sherifu kupitia kioo cha pembeni, kisha anamuuliza kwa sauti ya chini kama leo ndiyo siku yao. Hakuna muziki wa kukuambia uogope. Sherifu anarudi nyuma, gari linaondoka, na hakuna risasi iliyotoka. Katika filamu nzima, risasi tunazozisikia ni za kuwinda na za kufundishana kulenga shabaha.

John Hawkes, aliyecheza nafasi ya Teardrop, aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, na anastahili. Mwanzoni ami huyu anatisha kuliko maadui wenyewe. Anamkamata Ree kwa nywele ili amnyamazishe. Baadaye, ukoo wa Thump Milton, mzee ambaye Ree alitaka kumwona, unapompiga binti huyo hadi meno yanang'oka, Teardrop ndiye anayeingia peke yake ghalani kumchukua, akikubali kubeba dhamana ya lolote atakalolifanya. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Filamu hii imeupima usemi huo kwa ukatili: koo zote zimefanana, ila anayefaa ni mmoja.

Lakini wanaume si mhimili wa hadithi hii. Anayesimama mlangoni kumzuia Ree asimwone mzee wa ukoo ni mwanamke, Merab, aliyechezwa na Dale Dickey. Wanaompiga ni wanawake. Na kazi ngumu ya mwisho, ile inayofanyika usiku bwawani ndani ya mtumbwi, inasimamiwa na wanawake hao hao. Sitaisimulia, nisije nikawamalizia uhondo. Itoshe kusema kwamba ukatili wao na msaada wao vinatoka mkono mmoja, na Granik hawachori kama mashetani wala malaika.

Jennifer Lawrence alikuwa na miaka 18 picha hizi zilipopigwa mwanzoni mwa 2009. Amesimulia mara kadhaa kwamba walimkataa mwanzoni kwa kuwa ni mrembo mno, akapanda ndege ya usiku hadi New York na kujitokeza kwenye usaili bila kuosha nywele. Alijifunza kupasua kuni na kuchuna kindi, na ujuzi huo unaonekana. Kuna sehemu anawafundisha wadogo zake kumchuna kindi waliyemwinda. Sonny anaona kinyaa kutoa utumbo, kisha anauliza kama nao huliwa. Dada anamjibu kwamba bado. Kwa neno hilo moja unaelewa njaa imefika wapi na inaweza kufika wapi.

Ukweli huo haukuja kwa bahati. Granik alipiga picha huko huko Missouri, kwenye nyumba za wenyeji, na kuwapa wenyeji nafasi za kuigiza. Ron Hall, mzee anayemcheza Thump Milton, ni mwanajeshi wa zamani aliyepigana Vietnam, na baadaye Granik alimtengenezea filamu ya maisha yake, Stray Dog, ya mwaka 2014. Hata ofisa anayemhoji Ree anapotaka kujiunga na jeshi ili apate dola 40,000 ni ofisa wa kweli wa kuandikisha askari. Ile huruma anayomwambia nayo kwamba ushujaa mwingine ni kubaki nyumbani, haina harufu ya uigizaji.

Ina kasoro zake. Majina ya ndugu na binamu ni mengi na hayaelezwi, lafudhi ni nzito, na kwa nusu saa ya kwanza mtazamaji anaweza kujiuliza nani ni nani. Anayependa mambo ya haraka haraka atapiga miayo. Mvumilivu atalipwa. Majaji wa tamasha la Sundance waliipa tuzo yao kuu ya filamu za Marekani mwaka 2010. Kwenye Oscar iliteuliwa mara nne, ikatoka mikono mitupu. Lawrence, akiwa na miaka 20, aliipoteza ya mwigizaji bora wa kike kwa Natalie Portman. Miaka miwili baadaye akaichukua kwa Silver Linings Playbook.

Watayarishaji wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa waitazame hii wakiwa na kalamu mkononi. Kila siku tunasikia kwamba filamu za uhalifu zinahitaji fedha tusizo nazo. Hadithi ya mama aliyechukua mkopo wa riba ya kausha damu, ya mume aliyeweka hati ya kiwanja rehani kimyakimya, ya shemeji wanaojua yote na hawasemi, iko katika kila mtaa na haihitaji helikopta. Inahitaji skripti iliyoandikwa mara tano kabla ya kamera kuwashwa, na mwanamke anayepewa kazi ya kufikiri badala ya kulia sebuleni.

Winter's Bone ina dakika 100. Si ya watoto. Kuna kipigo, dawa za kulevya na lile tukio la bwawani. Wakishalala, itazame.