Njia Ambayo Bahari Huifunga na Kuifungua

Katika jimbo la California, nchini Marekani, barabara kuu nambari 1 huandamana na bahari kwa mamia ya kilomita. Lakini kaskazini mwa mji wa Fort Bragg, barabara hiyo huiacha bahari na kupinda kuelekea bara. Sababu ni milima ya King Range, ambayo huporomoka hadi majini bila ya kuacha uwanda wa kupitisha barabara. Kilele cha King Peak kina urefu wa mita 1,246, nacho kiko takriban kilomita 5 tu kutoka ufuoni. Ukanda huo uliorukwa na barabara huitwa Lost Coast, yaani Pwani Iliyopotea, na sehemu kubwa yake imehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1970. Anayetaka kuiona kwa karibu hana budi kuitembea kwa miguu.

Njia yenyewe huanzia mdomo wa mto Mattole na kufika Shelter Cove, mwendo wa kilomita 40 hivi. Sisi tulitembea kipande chake tu, siku mbili na usiku mmoja: vijana watatu wanaoishi huko, mama yao, na shangazi yao aliyetoka Mombasa kuwazuru. Tunaieleza safari hii kwa sababu jamaa zetu wengi wako ng'ambo na watoto wao hupenda matembezi ya namna hii, na kwa sababu jambo tulilolishuhudia linamhusu kila mzazi anayelea watoto kando ya bahari.

Ukungu na mnara

Mtu wa pwani yetu amezoea bahari ya vuguvugu. Bahari ile ni baridi hata katika kiangazi. Upepo wa kaskazini-magharibi huyasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuo, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya maji hayo hupoa na kugeuka ukungu, kama vile gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho. Asubuhi huenda usimwone mwenzako aliye hatua thelathini mbele yako.

Ukungu huo umewahi kuua. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 1907, meli ya abiria Columbia iligongana na jahazi la mbao liitwalo San Pedro karibu na Shelter Cove, ikazama katika muda wa dakika chache. Watu zaidi ya 80 walipotea. Miaka michache baadaye, mwaka 1912, taa iliwashwa katika rasi ya Punta Gorda. Mnara huo ulistaafishwa mwaka 1951, lakini ungali umesimama, mfupi na mweupe, na siku ya kwanza tulipumzika chini yake tukala tende na chapati. Mbele yetu walilala sili tembo, wanyama wa baharini wenye miili mizito, wakikoroma mchangani. Tulipita mbali nao, maana wakisumbuliwa hushambulia.

Kilomita 6 zisizosamehe

Mbele ya mnara huo, kutoka Sea Lion Gulch hadi kijito cha Randall, kuna kipande cha zaidi ya kilomita 6 ambacho maji yakijaa hakipitiki. Upande mmoja ni genge la mlima, upande wa pili ni mawimbi, na katikati ni mawe ya mviringo yanayoteleza. Maji yanapokupwa, njia hufunguka. Yanapojaa, hufungika, na aliyechelewa hukosa pa kukimbilia. Isitoshe, bahari ile hutoa mara kwa mara wimbi la ghafla, kubwa kuliko mengine, ambalo hupanda ufuo na kumzoa mtu aliyeigeuzia bahari mgongo. Watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo.

Hapo ndipo tulipoona thamani ya elimu ambayo wengi wetu tuliipata utotoni bila ya kujua kuwa ni elimu. Shangazi hakuwa amewahi kuiona bahari hiyo, ila aliijua tarehe ya mwezi. Alijua kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na kwamba nusu ya mwezi huleta maji mafu. Alijua pia kwamba saa ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Jedwali la maji tulilolichapisha lilimuunga mkono, na likatuongezea jambo moja ambalo mwezi peke yake haukutwambia: pwani ile hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama yetu, lakini kujaa kwa kwanza na kwa pili hakulingani. Kwa hiyo hesabu ya wazee na jedwali viliandamana.

Tulivuka salama maji yakipwa, tukapiga hema karibu na kijito cha Randall, juu kabisa ya alama ya maji. Chakula chote tulikifungia ndani ya vyombo vigumu vya plastiki, kama sheria ya pale inavyotaka, kwa ajili ya dubu. Qibla tulikipata kwa dira, kwani jua halikuonekana: ni upande wa kaskazini ukielekea kidogo mashariki, jambo lililowashangaza vijana mpaka tulipowakumbusha kwamba dunia ni mviringo.

Asubuhi ya pili

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kama shuka. Kijana mkubwa alikuwa amekwisha kulifunga shanta lake. Ufuo uliokuwa mbele yetu ulionekana mpana, na safari ya kurudi ingekuwa dhidi ya upepo.

"Shangazi, tutoke sasa tuliwahi gari," alisema.

"Mwanangu, unaona hatua ngapi mbele?"

"Kama ishirini."

"Basi hizo ishirini ndizo ulizo na hakika nazo. Nyamaza usikilize."

Tulinyamaza. Mbali kidogo, ndani ya ukungu, mawimbi yalikuwa yakipiga si mchanga bali jiwe. Sauti nzito, isiyo na mkwaruzo wa changarawe. Shangazi akachukua kijiti, akakichomeka mahali wimbi lilipokomea, akakaa kitako. Kila baada ya muda alichomeka kingine. Cha tatu kilipokuwa chini ya cha kwanza kwa hatua kadhaa, alisema maji yameanza kupwa kwa hakika, lakini tungoje zaidi. Kijana hakufurahi, ila alikaa.

Ukungu ulipoinuka saa mbili baadaye, tuliiona ile kona ambayo tungeifikia mapema. Ukuta wa mwamba ulikuwa umelowa kupita kimo cha mtu, na povu lilikuwa bado likiondoka miguuni mwake. Hakuna aliyesema neno. Yule kijana alilichukua shanta la shangazi yake, akalibeba pamoja na lake mpaka mnarani.

Kwa familia inayokusudia

Atakayekwenda huko aombe kibali mapema, kwani idadi ya wageni ina kikomo. Achukue jedwali la maji lililochapishwa, asitegemee simu. Achemshe au achuje maji ya vijito. Aanzie Mattole kuelekea kusini, ili upepo umsukume mgongoni. Na aweke siku moja ya ziada, kwa sababu mwenye haraka ya kurudi ndiye huingia njia iliyofungwa.

Nasi tuliobaki huku, tuna la kufanya hata bila ya safari. Maji yakijaa hupwa, walisema wazee, na methali hiyo ni hesabu pia. Watoto wetu wengi wanaozaliwa hatua chache kutoka baharini hawajui leo ni bamvua au maji mafu. Tuwapeleke ufuoni na kijiti mkononi, tuwaulize tarehe ya mwezi, tuwaache wahesabu wenyewe. Siku moja watasimama mbele ya bahari tusiyoijua sisi, nasi hatutakuwapo kuwashika mkono.