Ujirani na Hati: Jinsi Mkimbizi Anavyopata Kwao

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kwa kuhofia maisha yake. Je, akipata chakula na mahali pa kulala, haja zake zimekwisha? Mwanasaikolojia Abraham Maslow alieleza mwaka 1943 kwamba binadamu, akishapata chakula na usalama, hutafuta kupendwa na kuhesabiwa katika kundi. Haja hiyo haitimizwi na mgao wa unga, bali na watu.

Tuchukue mfano wa Pemba. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji kisiwani humo. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Wengi wao walirejea baadaye. Huko walikuta lugha, dini na kazi ya uvuvi kama za kwao, pamoja na Wapemba waliohamia miongo mingi kabla.

Msaada wa jamii hufanya kazi kwa njia tatu. Kwanza, mwenyeji humwonyesha mgeni soko, shule na zahanati, na hofu ya ugeni hupungua. Pili, mgeni akialikwa arusini na kushiriki mazishini, hujiona kuwa anahesabiwa. Tatu, hupewa nafasi ya kutoa, si ya kupokea tu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii si ya kumfukuza mgeni. Jembe humpa kazi, na kazi humpa heshima.

Hata hivyo, ujirani una mpaka wake. Wapemba waliolowea Kwale na Kilifi waliishi kwa miaka mingi bila vitambulisho vya Kenya, ingawa watoto na wajukuu wao walizaliwa huko. Jirani aliweza kuwakaribisha chomboni, lakini hakuweza kuwapa leseni ya uvuvi wala kuwafungulia akaunti ya benki. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo, wakaanza kupewa vitambulisho vya uraia.

Hivyo basi, kuna kupokelewa kwa namna mbili: jirani humfanya mgeni ajione yuko kwao, na sheria humhakikishia kwamba hataondolewa hapo. Namna moja ikikosekana, jembe alilopewa mgeni huwa la kuazima.